Mkimbiaji na Shule Yake: Historia ya Uchaguzi Mmoja

Misigiri ni njia panda. Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega hupita hapo. Tawi lake moja hushika njia ya Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, na barabara yenyewe huendelea magharibi, ikateremka mlima wa Sekenke, mahali palipochimbwa dhahabu tangu zama za Wajerumani, hadi Shelui na mbuga za Wembere. Mzazi wa hapo ambaye mtoto wake amefaulu darasa la saba, na tena amejaliwa mbio, hujikuta katika njia panda ya pili. Upande mmoja iko shule ya kata isiyotoza ada, ambayo mtoto huiendea asubuhi na kurudi jioni. Upande wa pili iko shule ya binafsi, yenye bweni na ada, mjini Singida au mbali zaidi, Arusha au Dar es Salaam. Mzazi huuliza: ipi itamsomesha mtoto bila ya kuua kipaji chake, na ipi itakilea kipaji bila ya kumwacha mtoto mikono mitupu?

Swali hili hudhaniwa kuwa la juzi. Kwa hakika lina umri mkubwa kuliko shule nyingi zinazobishaniwa. Nia ya insha hii ni kulifuata tangu asili yake, kwa maana mwenye kuijua njia iliyopitwa na waliotangulia hupungukiwa na sababu za kupotea.

Michezo ya kizungu iliingia kwetu kwa mlango wa shule, na shule zenyewe zilikuwa za misheni. Katika karne ya 19 wamisionari wa UMCA walicheza mpira na wanafunzi wao Kiungani, Unguja. Kutoka huko mchezo ukaenea mitaani na kuwa mali ya watu wote. Waingereza walipoitawala Tanganyika walifungua shule zao za serikali, na mashuhuri kuliko zote ilikuwa ya Tabora, iliyoanza katika miaka ya 1920. Humo michezo haikuwa anasa. Ilihesabiwa kuwa sehemu ya malezi, pamoja na gwaride, usafi na utii. Hivyo tangu mwanzo palikuwa na baba wawili wa elimu, dini na dola, na kila mmoja alikuwa na uwanja wake.

Singida haikukosa baba hao. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na baada yao wakaja Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Kiomboi ikapata hospitali, Kinampanda ikapata chuo cha walimu. Lakini mtoto wa Mnyiramba wa siku zile hakuwa na cha kuchagua. Nafasi za shule ya kati zilikuwa chache, za sekondari chache zaidi, na aliyepata moja aliishukuru bila ya kuuliza kama ni ya padri au ya bwana shauri. Uchaguzi ni tunda la wingi. Penye uhaba hapana uchaguzi.

Uhuru ulibadili mambo. Mwaka 1964 ada iliondolewa katika shule za sekondari za umma. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka chini ya serikali shule zilizokuwa za misheni na kupokea ruzuku. Ule ukuta kati ya shule ya dini na shule ya dola ukaanguka, na kwa muda shule ya serikali ikawa ndiyo shule, na nyingine zote zikaitwa mabaki. Kabla ya hapo, mwaka 1967, Bunge lilikuwa limeunda Baraza la Michezo la Taifa. Mtu angetazamia basi kwamba dola, iliyoshika shule kwa mkono mmoja na michezo kwa mkono wa pili, ingeifanya shule kuwa kitalu cha wanariadha.

Haikuwa hivyo kwa ukamilifu. Tazama majina yaliyolitukuza taifa. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe. Mwaka uliofuata akavunja rekodi ya maili huko Kingston, Jamaika. Alikuwa askari. Juma Ikangaa, bingwa wa marathoni ya New York mwaka 1989, alikuwa askari vilevile. Jeshi lilimpa mkimbiaji vitu vitatu ambavyo shule haikuweza kumpa: chakula cha uhakika, saa za mazoezi, na mshahara usiokatika siku ya kushindwa. Suleiman Nyambui, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alipata malezi yake makubwa ya mashindano katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ambako alitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani zaidi ya mara moja. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978, alipita huko huko. Na ni vema kukumbuka, kwa kuwa wengi hudhani kila chema cha Marekani ni cha matajiri binafsi, kwamba chuo kile ni cha umma.

Medali ile ya Nyambui, na ile ya Bayi ya mbio za kuruka viunzi na maji katika michezo hiyo hiyo ya Moscow, ndizo pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki zote hadi ile ya Paris ya mwaka 2024. Jambo hili halitufundishi kwamba shule zetu hazikuwa na watoto wepesi. Latufundisha kwamba mtoto mwepesi alipomaliza shule, aghalabu hapakuwa na mkono wa kumpokea ila wa jeshi au wa ng'ambo.

Kwa mlinganisho na tuwatazame jirani zetu. Huko Iten, katika Bonde la Ufa la Kenya, mabruda Wapatrisi kutoka Ireland walianzisha shule ya Mtakatifu Patrick mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1976 alifika hapo mwalimu wa jiografia, Bruda Colm O'Connell, ambaye hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alijifunza kazi kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia. Miaka 12 baadaye mwanafunzi wa shule ile, Peter Rono, alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul. Mwaka huo huo wa 1988, katika marathoni ya Boston, Ibrahim Hussein, ambaye pia alipita shule ya Iten, alimshinda Juma Ikangaa wetu kwa sekunde moja. Mmoja aliinuliwa na shule, mwingine na jeshi. Na mwisho wa kilomita 42 hawakupishana hata kwa pumzi mbili.

Sasa Iten ilikuwa shule ya nani? Kanisa liliianzisha na kuilea. Serikali ya Kenya ililipa walimu na kuiweka katika mfumo wake wa mitihani. Si ya binafsi kwa maana ya soko, wala si ya serikali kwa maana ya ofisi. Mfano wa pili unatokea Dar es Salaam. Shule ya Makongo, iliyojulikana katika miaka ya 1990 kwa wacheza mpira iliowatoa, ilikuwa ya jeshi, na mkuu wake, Kanali Iddi Kipingu, aliuweka mpira katika ratiba ya shule badala ya kuuacha katika muda wa kubahatisha. Katika mifano yote miwili mwenye hati ya shule hakuwa ndiye sababu ya ushindi. Sababu ilikuwa mwalimu aliyekaa mahali pamoja miaka mingi, na ratiba iliyoheshimiwa.

Wakati huo huo uchaguzi ulikuwa umerudi nchini kwa mlango mwingine. Shule za serikali hazikuwatosha waliomaliza darasa la saba, hasa baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuhimiza elimu ya msingi kwa wote. Wazazi wakajijengea wenyewe, makanisa na misikiti ikajenga, na Jumuiya ya Wazazi, mrithi wa TAPA ya zama za kudai uhuru, ikajenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shule za sekondari zisizo za serikali zilikuwa zimezizidi za serikali kwa idadi. Nyingi zilikuwa kimbilio la waliokosa nafasi. Mpira ulichezwa humo kwenye vumbi kama kwingineko. Sifa ya shule ya binafsi kuwa ni shule bora ni sifa changa, nayo isipewe umri isiokuwa nao.

Kisha likatukia jambo ambalo mwana historia wa michezo hawezi kuliruka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha mashindano ya michezo ya shule, yale tuyajuayo kwa majina ya UMITASHUMTA na UMISSETA, kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Yalirejeshwa baadaye katika mwongo ule ule. Amri huandikwa na kufutwa, lakini umri haufutiki: mtoto aliyekuwa na miaka 15 siku mashindano yaliposimama hakurudishiwa miaka yake yaliporejea. Mwaka 2004 ulianza mpango mkubwa wa kupanua sekondari, na kila kata ikahimizwa kuwa na shule yake. Mwaka 2016 ada ikaondolewa tena kidato cha kwanza hadi cha nne. Mlango ukawa mpana kuliko wakati wowote wa historia yetu. Walakini madarasa yalitangulia kujengwa, maabara zikafuata, na uwanja mara nyingi ukabaki kuwa ardhi iliyobaki.

Hapa ndipo mzazi wa Misigiri anapokutwa na historia. Na tumpe haki yake: hoja za pande zote mbili zina uzito. Shule ya bweni humwondolea mtoto safari ndefu, na kwa msichana humpunguzia ndoo ya maji na kuni za jioni, ambazo humla nguvu kabla ya mazoezi kuanza. Husemwa kwamba kutembea kwenda shule ndiko kunakozaa wakimbiaji. Yamkini kuna ukweli humo. Lakini mtoto anayetembea na njaa hazoezwi, hudhoofishwa. Kwa upande wa pili, ada ni ahadi ya miaka minne. Mkulima wa alizeti anayeilipa mwaka wa mavuno na kushindwa mwaka wa ukame humtoa mtoto shuleni katikati ya safari, na mtoto huyo hupoteza darasa na uwanja kwa siku moja. Tena zipo shule za ada zinazojali wastani wa mtihani kuliko yote, ambamo michezo huishia kwenye picha ya tangazo. Shule ya kata, hata ikiwa fukara, yaweza kumpeleka mtoto katika ngazi za UMISSETA, kutoka kata hadi wilaya, mkoa na taifa, na kila ngazi ina macho ya kumwona.

Wala asidhani mtu kwamba mkoa huu ni tasa. Zakia Mrisho, mzaliwa wa Singida, alikimbia fainali ya mita 5,000 ya ubingwa wa dunia huko Helsinki mwaka 2005. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu huu na askari wa Jeshi la Wananchi, alipata shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017. Na Septemba 2025 huko Tokyo akawa Mtanzania wa kwanza kushinda dhahabu ya ubingwa wa dunia wa riadha, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde katika hatua ya mwisho. Ushindi wake ni furaha yetu sote, lakini pia ni swali kwa wenye shule: miaka 51 baada ya Christchurch, jeshi bado ndilo kitalu.

Kutokana na mambo haya yote twaweza kutoa hukumu. Swali la kwanza la mzazi lisiwe: shule hii ni ya nani? Na liwe: yupo mwalimu gani wa michezo, na amekaa miaka mingapi? La pili: saa ya mazoezi imeandikwa katika ratiba, au hutegemea huruma? La tatu: siku mguu utakapovunjika, cheti cha kidato cha nne kitakuwepo? La nne, ambalo ni la mzazi mwenyewe: mkoba wangu utafika mwisho wa njia? Penye majibu mema kwa maswali haya manne, rangi ya kibao cha shule haina neno. Pasipo majibu, bweni la ghorofa halimsaidii mtoto, na elimu isiyo na ada haimfidii.

Ikiwa majibu ya shule mbili yanalingana, mimi ningemshauri mzazi ashike ile iliyo karibu na isiyo na ada, na fedha iliyookolewa ainunulie chakula, viatu na nauli ya mashindano. Bayi mwenyewe, aliyelelewa na jeshi la umma, alikuja kufungua shule za binafsi Kibaha. Huenda hakuna ushahidi mzuri kuliko huo kwamba mipaka hii miwili huvukwa na watu wenye nia. Lakini Bayi ni mmoja, na kata ni nyingi. Mtoto wa Misigiri hatakiwi kungoja bingwa mstaafu aje kumjengea. Anastahili mwalimu mmoja, saa moja ya jioni, na uwanja usiogeuzwa shamba.