Mkongo wa Baharini: Ncha ya Pili Kaishika Nani?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 watu wengi wa Afrika Mashariki walijikuta hawana intaneti, au wanayo ya kusuasua. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata taabu zaidi. Kila mtu aliilaumu kampuni ya laini yake. Wengine walibadilisha laini, wengine walizima simu na kuiwasha tena, kana kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya kile kifaa walichoshika mkononi.

Ndugu wasikilizaji, tumezoea kusema kwamba intaneti iko hewani. Ukweli ni kwamba hewani inapita kidogo tu, kutoka simu yako mpaka mnara wa jirani. Safari ndefu yote inayobaki, kwenda Ulaya, Asia na Marekani, hupita chini ya bahari katika waya usiozidi sana unene wa mpira wa kumwagilia bustani. Na waya wa namna hiyo si mgeni kwetu. Pwani yetu imeujua kwa zaidi ya miaka 140. Wiki hii nataka tuitazame historia hiyo, kwa sababu ndani yake kuna swali linalorudi kila mara. Waya una ncha mbili. Moja iko kwetu. Ya pili imeshikwa na nani, naye anaitumia kwa faida ya nani?

Tuanze na neno lenyewe. Leo tukisema simu tunafikiria kifaa cha mfukoni. Asili ya neno hili ni Kiajemi, ambako sim ni waya. Wazee wa pwani walipoanza kulitumia hawakukusudia mazungumzo ya mdomo, walikusudia telegrafu. Kupeleka simu kulikuwa kupeleka maneno machache, yaliyohesabiwa na kulipiwa moja moja. Baadaye, ilipokuja simu ya kuongea, ilibidi ile ya zamani iitwe simu ya maandishi ili zisichanganywe. Kwa hiyo hata leo mtu akinunua simu mpya isiyo na waya hata mmoja, bado anaitaja kwa jina la waya.

Waya wa kwanza wa baharini ulifika Unguja mwaka 1879, zama za Sayyid Barghash. Kabla ya hapo habari za dunia zilikuja kwa vyombo. Tangu mwaka 1872 kulikuwa na meli za barua kutoka Aden, na kabla ya hizo mfanyabiashara wa karafuu au wa pembe alingoja jahazi na pepo za kaskazi. Mtu angedhani basi kwamba waya uliletwa kwa ajili ya biashara ya Unguja. Haikuwa hivyo.

Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Waingereza lilipigwa vibaya na Wazulu mahali paitwapo Isandlwana. Habari hizo zilifika London tarehe 11 Februari, siku 20 baadaye, kwa kuwa Afrika Kusini haikuwa na waya wa kuiunganisha na Ulaya. Dola kubwa kuliko zote duniani ilikaa karibu wiki tatu bila kujua kwamba askari wake wamekufa. Jambo hilo lilichoma. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imekwisha kulaza waya kutoka Durban, ukapita Delagoa Bay na Msumbiji, ukafika Unguja, ukaenda hadi Aden, na hapo ukaungana na waya mwingine uliokuwa tayari unapita Suez kwenda Ulaya. Ulikuwa waya wa shaba, umevikwa utomvu mgumu wa miti ya Asia uitwao gutapacha ili maji ya chumvi yasiuguse.

Sisi, kwa ufupi, tulikuwa kituo cha njiani. Sikatai kwamba faida ilikuwepo. Mfanyabiashara mwenye uwezo aliweza sasa kuuliza bei kabla meli haijang'oa nanga. Lakini aliyeagiza waya, aliyeulipia na aliyeamua upite wapi, alikuwa mbali, na alikuwa na shughuli zake.

Shughuli hizo zilionekana wazi miaka 17 baadaye. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini. Siku ile ile Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika kasri na kujitangaza mtawala, bila ridhaa ya Waingereza. Mwakilishi wao Unguja, Basil Cave, akapeleka simu London kuuliza kama anaruhusiwa kulipiga kasri kwa mizinga iwapo suluhu itashindikana. Kesho yake jibu likaja kutoka kwa Lord Salisbury: achukue hatua yoyote atakayoona inafaa. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu na dakika chache, manowari zilizokuwa bandarini zikafyatua. Chini ya saa moja vita vilikuwa vimekwisha, kasri limebomoka, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Hebu tufikirie. Swali kwenda na jibu kurudi, na mizinga kulia, yote ndani ya siku mbili. Kama ingekuwa ni barua ya meli, jibu lingechukua wiki kadhaa, na pengine katika wiki hizo wazee wangepatana. Sisemi kwamba waya ndio uliopiga mizinga. Nasema waya uliofika kwetu kwa jina la maendeleo ulimpa wa mbali uwezo wa kuamua mambo yetu upesi kuliko sisi wenyewe tulivyoweza kukaa na kushauriana.

Karne ya 20 ilileta redio, kisha setilaiti. Mwaka 1970 kituo cha Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kilianza kazi, na simu za nje zikaanza kupanda angani. Hata intaneti ilipotufikia katika miaka ya 1990, kwa sehemu kubwa ilikuja kwa njia hiyo. Setilaiti za aina ile hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ardhi, zikiwa na nafasi ndogo na bei kubwa.

Nakumbuka miaka ya mwanzo ya 2000 nilivyokuwa nikilipia nusu saa katika duka la intaneti mjini, na sehemu kubwa ya nusu saa hiyo ikiishia kungoja ukurasa ufunguke. Siku moja nilimwandikia rafiki yangu aliyekuwa amekaa katika duka jingine, mtaa ule ule. Ningepiga kelele angenisikia. Lakini barua yangu ilikuwa ipande angani, iende ng'ambo kwenye kompyuta za huko, kisha irudi kwa njia ile ile mpaka mtaa wa pili. Na safari hiyo yote, ya kwenda na ya kurudi, ililipiwa kwa dola.

Majirani zetu wa Kenya ndio walioamua mapema kuuondoa upuuzi huo. Novemba mwaka 2000 kampuni za intaneti za Nairobi zilianzisha kituo cha kubadilishana, kinachojulikana kama KIXP. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Kampuni zote zinaleta waya zao katika chumba kimoja, ili barua ya Mkenya kwenda kwa Mkenya mwenzake ibaki Kenya. Ungetegemea washangiliwe. Kinyume chake, Telkom Kenya, ambayo wakati ule ilikuwa na haki ya peke yake katika mawasiliano ya nje, ilipeleka malalamiko kwamba haki yake imeingiliwa, na mdhibiti wa serikali akakifunga kituo baada ya wiki chache tu. Kikarudi mwaka 2002, baada ya mabishano marefu na leseni maalumu. Dar es Salaam nayo ikaja kupata kituo chake miaka michache baadaye.

Nimekaa kidogo kwenye kisa hiki kwa sababu kina somo. Safari hii aliyezuia hakuwa mgeni wa London. Alikuwa wa hapa hapa, mwenye kibali na mhuri. Ncha ya kwetu nayo ina wenyewe.

Kisha ikaja mikongo ya nyuzi za kioo. Mpaka mwaka 2009 pwani yote hii, kutoka Msumbiji hadi Somalia, haikuwa na hata mmoja. Serikali ya Kenya, ilipochoka kungoja mazungumzo ya EASSy yaliyokuwa yakivutana kati ya nchi nyingi, ilishirikiana na wenzake kulaza mkongo wake, TEAMS, kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu hadi Mombasa. Ulitua Juni 2009. Julai mwaka huo SEACOM ikazinduliwa, ikiwa na vituo Mombasa na Dar es Salaam. EASSy ikafuata mwaka 2010. Tanzania ikajenga Mkongo wa Taifa kuyafikisha mawasiliano bara, na kupitia bandari hizi mbili Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo nao wakapata njia. Ukitazama ramani utaona ajabu moja: SEACOM na EASSy zinapita karibu katika mapito yale yale ya waya wa 1879. Kusini mpaka kaskazini, na sisi katikati.

Matunda ya mikongo hiyo hayahitaji kuelezwa. Fundi cherehani wa mtaani kwangu hupokea vipimo vya wateja kwa WhatsApp. Mwanafunzi husoma vitabu ambavyo maktaba ya shule yake haina. Na mtu akishazoea hivyo, husahau kuuliza kamba inayomshikilia imefungwa wapi.

Mwaka 2024 tulikumbushwa mara mbili. Februari mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Inaaminika ilikatwa na nanga ya meli ya mizigo Rubymar, iliyokuwa imeshambuliwa na Wahuthi wa Yemen ikawa inaelea ovyo. Basi njia ya kaskazini ilikuwa tayari na jeraha pale njia ya kusini ilipokatika mwezi Mei. Mikongo miwili yenye majina mawili ilikatika siku moja kwa sababu ilikuwa imelala karibu karibu. Tukabaki tunangoja meli ya matengenezo. Meli za kazi hiyo ni chache, na ile inayohudumia pwani zetu, Léon Thévenin ya kampuni ya Kifaransa, makao yake ni Cape Town.

Sasa tufanye nini? Wapo wanaosema tusubiri tu, mikongo mipya inakuja. Ni kweli inakuja. Mkongo wa 2Africa, unaozunguka bara zima, umetua Mombasa na Dar es Salaam. Lakini unaongozwa na Meta, kampuni yenye Facebook na WhatsApp, pamoja na washirika wake. Sina ugomvi na hilo. Naomba tu tusisahau swali la 1879: aliyelaza waya anatafuta nini?

Kwa maoni yangu yako mambo matatu ya kuyadai. La kwanza ni njia nyingi zilizo mbali mbali, za baharini na za nchi kavu, si majina mengi yaliyolala mahali pamoja. La pili ni kuweka mambo yetu karibu. Mitihani, kumbukumbu za hospitali, magazeti na malipo ya ndani hayana sababu ya kwenda ng'ambo na kurudi. Wataniambia kompyuta za ng'ambo ni rahisi, na mara nyingi ni kweli. Lakini urahisi huo upimwe pamoja na hasara ya siku ambayo mkongo umekatika. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

La tatu ni gumu zaidi. Njia na kompyuta zikiwa kwetu hazitatusaidia kama ncha ya nyumbani inaweza kufungwa kwa amri. Uganda ilizima intaneti usiku wa kuamkia uchaguzi wa 14 Januari 2021. Tanzania ilizimiwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Katika siku hizo hapakuwa na nanga wala meli iliyozama. Mikongo ilikuwa mizima baharini, na mama aliye mbali hakuweza kujua mwanawe yuko salama au la. Kwa mama huyo, aliyefunga ni wa karibu au wa mbali, yote ni mamoja. Inafaa sheria zetu ziseme waziwazi nani ana mamlaka ya kuufunga mkongo, kwa sababu gani, kwa muda gani, na mwananchi aende mahakama ipi kuuliza.

Safari ijayo intaneti ikikatika, kabla ya kuizima simu na kuiwasha, uliza imekatikia wapi, na nani anaulizwa. Haki ya kuuliza hivyo watu wa Unguja wa mwaka 1896 hawakuwa nayo. Sisi tunayo, tuitumie.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.