Kikohozi cha Baba

Baba alikuwa na kaseti ya Morogoro Jazz aliyoinasa redioni. Aliweka rekoda mbele ya redio, akatuamuru sote tunyamaze. Miaka ile bendi zilirekodi Radio Tanzania, na nyimbo nyingi zilibaki kwenye maktaba ya redio, haziuzwi madukani. Ukiupenda wimbo, uliusubiri upigwe, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Jazz" lilikuwa jina tu la bendi. Muziki wenyewe ulikuwa dansi, na kwetu dansi ilikuwa gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, kaseti ile ikageuka hazina. Wapenzi wa dansi walikuja kunakili, wakabaki kunywa chai na kubishana Simba na Yanga. Mzee mmoja wa Yanga hakuwahi kutamka "Simba". Kwake ilibaki Sunderland, jina lililoachwa mwaka 1971. Alipoondoka alisahau kofia, hakusahau kaseti.

Mwaka jana rafiki yangu anayekusanya nyimbo za zamani aliniomba nakala. Alipoisikiliza akasema ataisafisha, kwa sababu gitaa likiwa limepamba moto, baba anakohoa, kisha mama ananong'ona kuwa mafuta ya taa yamekwisha.

Nilimwambia asiguse kitu. Wimbo huo huenda bado upo maktaba, msafi kabisa. Wazazi wangu wote wawili wameshatangulia, na sauti zao hazipo pengine popote.