Pangani: Mji Uliojengwa kwa Miwa na Mkonge

Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, huyatuliza katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hupita chini ya milima ya Upare na Usambara, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, kisha humwaga kilichobaki baharini, kilomita zipatazo 50 kusini mwa mji wa Tanga. Ni safari ya takriban kilomita 500. Mlangoni mwake, ukingo wa kaskazini una mji mkongwe wenye jina la mto wenyewe, na ukingo wa kusini una Bweni, kijiji kilichoegemea kilima. Wasafiri wengi waendao fukwe za Ushongo wameijua Pangani kwa foleni ya kivuko tu. Wanavuka, wanakwenda zao.

Hasara ni yao. Mji huu mdogo umebeba historia ya karne kadhaa katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa miguu na kivuko. Ila kuna sharti moja la kuuelewa: usitazame majengo peke yake. Nyumba za mawe zilizopangana kando ya mto ziligharamiwa na mashamba yaliyo nyuma yake na ng'ambo yake, na atakayeziona nyumba bila mashamba atakuwa amesoma nusu ya barua.

Njia nzuri ya kuanza ni Tongoni, kilomita zipatazo 20 kutoka Tanga, kabla hujaanza kuikaribia Pangani. Hapo pana magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo zaidi ya 20, ya zama ambazo miji ya Waswahili ilikuwa ikifanya biashara na Ghuba, Bara Hindi na, kwa mikono ya watu wengi, hata China. Nguzo nyingi zimeanguka, lakini mihrabu ya msikiti bado inaonyesha ustadi wa waashi wake. Mji huo uliitwa Mtangata. Aprili 1498 mojawapo ya merikebu za Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye miamba ya karibu, ikanasuka. Ilipofika Januari 1499, wakirudi kutoka India, mabaharia walikuwa wamekufa kwa wingi kwa kiseyeye hata hawakutosha kuendesha vyombo vyote. Wakaichoma moto São Rafael papo hapo. Wareno walirudi na silaha baadaye, na karne zilizofuata ziliuacha Mtangata ukififia. Biashara ikahamia kwingine, na mlango wa Mto Pangani ukawa mojawapo ya sehemu hizo.

Ndani ya Pangani, barabara inayofuata mto ndiyo jumba la makumbusho, na haina tiketi wala vioo. Nyumba kongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo juu ya lundo la magogo. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Pita katika nyumba mojawapo iliyobomoka, kwa idhini ya mwenyewe, ukakipime chumba kwa hatua: ni kirefu, lakini upana wake hauzidi sana mita tatu. Mkoko haukumruhusu fundi kwenda mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo tajiri aliyetaka nafasi alirefusha vyumba au akaongeza idadi yake. Pale dari ilipoanguka, matundu ya vichwa vya boriti yamebaki ukutani kwa safu moja iliyonyooka, na mara nyingine kipande cha boriti kimegoma kutoka, kimeliwa na mchwa nje lakini moyo wake bado mgumu. Milango ya nakshi, baraza za kukalia wageni na maduka ya Wahindi chini ya roshani vinaeleza ni watu gani walikutana hapa: Waswahili wa pwani hii ya Mrima, Waarabu wa Oman na wafanyabiashara wa Kihindi waliokopesha misafara.

Jengo lenye haiba kuliko yote ni Boma. Wenyeji husimulia kwamba lilijengwa mwaka 1810 na tajiri wa Kiomani, na kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai chini ya nguzo zake ili msingi ushike. Simulizi za namna hiyo husikika Unguja pia kuhusu jumba la Beit el-Ajaib. Anayezisikiliza vizuri atagundua kwamba, zaidi ya habari za msingi, zinatunza kumbukumbu ya mali iliyojenga jumba na jasho la waliotumikishwa. Wajerumani waliligeuza jengo hilo kuwa makao ya utawala, na ofisi za serikali zikaendelea kulitumia baada yao.

Utajiri wa mwanzo wa Pangani ulikuwa pembe za ndovu. Misafara ilipanda kwa kufuata bonde la mto hadi Kilimanjaro na Umasaini, ikirudi na meno yaliyopakiwa majahazini kwenda Unguja. Mapema mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walipita hapa wakienda Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, ambaye nguvu zake zilifika mpaka pwani hii. Wakati huo mji ulikuwa bado unategemea bara. Miongo miwili baadaye ulikuwa umegeuka kuwa mji wa sukari.

Mabadiliko hayo yanahitaji kutazamwa kwa makini. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Kwenye karatasi biashara ilikuwa imekwisha. Kwa vitendo, watu waliotekwa bara waliendelea kuletwa pwani, na kwa kuwa kuwavusha kulikuwa kumekuwa kwa shida, mashamba ya Mrima yaliwameza. Kingo zote mbili za mto, kwenye udongo mweusi unaoachwa na mafuriko, zikapandwa miwa. Miwa iliyokatwa haingoji: usipoikamua mapema maji yake huchacha. Kwa hiyo msimu wa mavuno ulikuwa wa kazi ya mfululizo, wengine wakikata, wengine wakisukuma vinu, wengine wakichochea moto chini ya masufuria makubwa hadi maji ya miwa yawe asali nzito au sukari guru. Bidhaa hizo ziliuzwa Unguja na hadi Uarabuni.

Waliofanya kazi hiyo hawakukaa kimya. Katika miaka hiyo ya 1870 watumwa wa Kikogwe, ng'ambo ya mto, waliasi, wakakimbia na kuanzisha makazi yao ya watoro yaliyojulikana kama Makorora. Hawakuacha jumba la mawe, kwa hiyo mgeni anayepiga picha milango ya nakshi hatakutana na habari zao asipouliza.

Mmoja wa wenye mashamba ya miwa wa Pangani alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Jina lake ndilo lililoupeleka mji huu katika vitabu vya shule. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alikubali kuikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na Agosti mawakala wa kampuni hiyo wakaja kuchukua madaraka. Pangani aliletwa Emil von Zelewski, kijana mwenye kiburi ambaye Waafrika walimpa jina la Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, liwali wa Sultani akakataa, naye akaita askari wa majini kutoka manowari. Hayo yalitokea siku za Idi ya Hija. Askari waliingia msikitini na viatu vyao, wakiwa na mbwa, kumsaka liwali. Wiki chache baadaye Zelewski na wenzake walikuwa wamefungiwa ndani ya nyumba na umati wenye hasira, na aliyewatoa ni Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jenerali wa Sultani.

Ni desturi kuyaita yaliyofuata Vita vya Abushiri, lakini mtu mmoja hakuwasha moto wote ule. Wapagazi, wavuvi, wakulima wa vijijini na watu kutoka bara waliingia mjini kila mmoja na kilio chake, na si wote waliokuwa na upendo kwa matajiri wa sukari. Abushiri alipata uongozi kwa kuwa alijua kupigana na kuzungumza na makundi hayo. Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann, aliyekodi askari wa Kisudani kutoka Misri na Washangani kutoka Msumbiji. Kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo ilivunjwa tarehe 8 Mei 1889. Julai zamu ikawa ya Pangani, iliyotekwa kwa msaada wa mizinga ya manowari. Abushiri alikimbilia bara, akasalitiwa, akakamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski hakukaa sana baada yake: Agosti 1891 aliuawa Lugalo na wapiganaji wa Mkwawa. Anayetaka kuvisikia vita hivi kwa sauti ya mtu wa pwani asiende Pangani kabla hajausoma Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy.

Historia ya mji haikukomea kwenye kitanzi. Mwaka 1893, hata miaka minne haijatimia tangu Abushiri anyongwe, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, asili yake ikiwa Yucatán, Mexico. Vilisafirishwa hadi Hamburg, kisha vikaja huku. Vilivyofika vikiwa hai ni 62 tu. Vikapandwa Kikogwe, nchi ileile ambayo watumwa wa miwa walikuwa wameasi miaka 20 nyuma. Kwa mkonge wa Tanganyika hii ndiyo bustani ya kwanza. Kutokana na miche hiyo 62 zao lilienea hadi Tanga, Korogwe, Kilosa na Morogoro. Mwaka 1913 koloni lilisafirisha zaidi ya tani 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000, na nchi ikawa inaongoza duniani.

Mkonge unaonekana mzuri ukiwa mbali, safu za kijani iliyofifia zikifika upeo wa macho. Ukiusogelea, kila jani lina mwiba mweusi kwenye ncha, mgumu kama sindano ya kushonea magunia, na mkataji huukata kwanza kabla ya kuligusa jani. Utomvu wake huwasha ngozi. Majani hufungwa mafungu, hupelekwa korona, mashine inayoyaponda na kuyakwangua huku maji yakimiminwa, kisha singa huanikwa kwenye nyaya zikawa nyeupe juani. Katika kila kilo 100 za majani, singa ni kilo nne hivi. Zilizobaki ni maji na makapi. Kazi ya namna hiyo wenyeji wa pwani waliikwepa walipoweza, ndiyo maana wakoloni walileta manamba kwa mkataba kutoka Kigoma, Songea na hata Msumbiji. Wajukuu wao ni watu wa Pangani leo, na mila walizokuja nazo zimekuwa za mji.

Mwenye siku ya ziada apande mpaka Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Huko Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda miti na mimea ya kila pembe ya dunia kuijaribu kama ingeleta faida. Kwa aliyetoka Kikogwe bustani hiyo inaeleweka vizuri zaidi: shamba na maabara vilikuwa mradi mmoja.

Mto wenyewe nao umebadilika. Maji mengi yanazuiwa na mabwawa na kunyonywa na kilimo cha umwagiliaji huko juu, hivyo maji ya chumvi hupanda ndani zaidi kuliko zamani, na wakulima wa kandokando wanaiona athari yake kwenye minazi na mashamba. Bahari inakula ukingo. Kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1975 na kilichosifika kwa kasa, kilipoteza mivinje yake yote na kubaki fungu la mchanga linalozama maji yakijaa.

Sasa mradi wa barabara ya Bagamoyo hadi Tanga, pamoja na daraja la Mto Pangani, unaifungua pwani hii kwa magari ya kasi. Ni neema kwa mgonjwa aliyekuwa akisubiri kivuko usiku na kwa mvuvi mwenye samaki wa kuuza. Kwa mji mkongwe ni mtihani. Watu watakuja wengi, au watapita wengi, kutegemea wamewekewa nini cha kuwasimamisha. Nyumba za mawe zinahitaji mapaa kabla ya misimu mingine ya masika, na zikarabatiwe kwa chokaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe na kuuharibu. Kikogwe inastahili kibao kinachotaja miche 62 na kinachowataja pia watumwa walioasi. Wazee waliofanya kazi korona wapo, lakini idadi yao inapungua kila mwaka. Simulizi zao zirekodiwe sasa, na vijana wa Pangani ndio wanaofaa zaidi kwa kazi hiyo. Nawe msomaji, ukifika, tembea mjini asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha vuka uende mashambani. Waliojenga mji waliishi upande huo pia.