Redio za ng'ambo ya Jipe

Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita ndani ya Ziwa Jipe. Huku ni milima ya Upare, kule ni Taita-Taveta. Mawimbi ya redio hayana pasipoti, kwa hiyo yaliyotokea katika redio za Kenya yanatuhusu na sisi.

Kwa miaka mingi mwenye sauti hewani kule alikuwa KBC, shirika la serikali. Mwaka 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikuyu, kisha zikafuata Inooro, Ramogi, Kass na nyingine. Watu walifurahi, na walistahili kufurahi: bibi wa kijijini sasa aliisikia siasa ya nchi yake kwa lugha aliyonyonya nayo. Ubaya uliingilia kwenye vipindi vya kupiga simu. Watangazaji wengi hawakusomea uandishi wa habari, na studio nyingi hazikuwa na mtambo wa kuchelewesha sauti. Mpigaji akilitukana kabila zima, tusi lilikuwa limeshafika sebuleni kabla mtu hajakata simu. Wenye kukemea walikuwa wachache, kwa sababu matusi yaliongeza wasikilizaji.

Kura ya maoni ya katiba, Novemba 2005, Chungwa (Hapana) dhidi ya Ndizi (Ndiyo), ilizidisha mgawanyiko. Kufikia uchaguzi wa 27 Desemba 2007, wengi walisikiliza redio ya kwao tu, na kila redio ilishamtangaza mshindi wake moyoni.

Matokeo yalitangazwa tarehe 30, ghasia zikazuka. Siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Naamini lilikuwa kosa kubwa: watu walionyimwa habari wakageukia uvumi wa SMS. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa watu wakiwa ndani. Siku mbili baadaye magazeti makubwa yalitoka na kichwa kimoja cha habari, yakiomba nchi iokolewe. Ghasia zile ziliua watu zaidi ya 1,100.

Waliosuluhisha mgogoro huo pamoja na Kofi Annan ni Graça Machel na Benjamin Mkapa, rais wa zamani wa Tanzania aliyewahi kuhariri gazeti la Uhuru na kuliongoza shirika la habari la SHIHATA. Kikwete, wakati huo Rais wa Tanzania na mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuwepo Nairobi mkataba wa kumaliza mgogoro ulipotiwa saini 28 Februari 2008.

Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa kuhusiana na ghasia hizo katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), The Hague, akakana mashtaka. Aprili 2016 majaji waliifunga kesi kwa upungufu wa ushahidi, bila kumtia hatiani wala kumsafisha. Wafiwa wa Bonde la Ufa hawakupata hukumu ya mahakama hiyo juu ya yale yaliyosemwa redioni.