Somo la Redio: Ni Nani Achague Vitabu vya Kusomwa?

Mwalimu na aandike ubaoni neno hili: ORODHA. Leo tutaeleza habari za orodha ya vitabu vya fasihi katika shule za sekondari. Je, yafaa wanafunzi wote wa nchi wasome vitabu vile vile?

Zamani za ukoloni, kijana wa Kenya, Uganda au Tanganyika aliyemaliza sekondari alifanya mtihani wa Cambridge. Orodha ya vitabu ilitoka Uingereza. Kijana aliyezaliwa kando ya Ziwa Victoria alimsoma Shakespeare, akajifunza habari za wafalme wa Ulaya, lakini habari za watu wake mwenyewe hakuziona katika vitabu vile.

Hata hivyo tuseme kweli: orodha moja ina faida zake. Mtoto wa mkulima na mtoto wa karani hupimwa kwa kipimo kimoja. Kitabu alichokisoma kaka, mdogo wake hukirithi, na baba hanunui kingine. Mwenye duka hujua vitabu vya kuagiza.

Wala kitabu cha mgeni si sumu. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar. Kwa hiyo ubaya haukuwa kumsoma Shakespeare. Ubaya ulikuwa kwamba aliyechagua alikuwa mbali, na aliyesoma hakuulizwa.

Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, wasomi watatu wa Chuo Kikuu huko Nairobi waliandika barua iliyozua mjadala mkubwa. Nao ni Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Waliuliza: kwa nini fasihi ya Uingereza ndiyo iwe kitovu cha masomo yetu? Walitaka Afrika iwekwe katikati, na fasihi za nchi nyingine ziizunguke. Mwaka 1974 walimu wa fasihi wa Kenya walikutana Nairobi wakashauri kwamba mwanafunzi aanze na vitabu vya Afrika Mashariki, kisha vya Afrika nzima, kisha vya dunia.

Tanzania nayo iliunda Baraza lake la Mitihani mwaka 1973. Katika Kiswahili cha kidato cha nne, kwa miaka mingi mtihani uliorodhesha vitabu kadhaa vya riwaya, tamthilia na ushairi, na mtahiniwa akachagua viwili vya kujibia swali. Kenya ilifuata njia nyingine. Katika mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, watahiniwa wa Kiswahili walipewa riwaya moja na tamthilia moja kwa wote.

Ipi ni bora? Kwa maoni yangu, orodha fupi ya pamoja inafaa, maana watu waliosoma kitabu kimoja wanaweza kuzungumza pamoja, hata kama mmoja ametoka Lamu na mwingine Kisumu. Lakini kando yake pawe na nafasi ya mwalimu na wanafunzi kujichagulia. Kikibaki kitabu kimoja tu, wanafunzi hununua vijitabu vya majibu, wakakariri, na kitabu chenyewe wasikifungue. Hapo tumefundisha mtihani, hatukufundisha kusoma.

Ninyi mnaojifunza kusoma sasa mna haki katika jambo hili. Wengi wenu ni wazazi, na fedha ya vitabu hutoka mifukoni mwenu. Mtoto akileta orodha nyumbani, isomeni. Ulizeni imetoka wapi, na kwa nini kitabu hiki kimewekwa na kile kimeachwa.

Sasa zungumzeni darasani:

1. Orodha moja humsaidiaje mtoto wa maskini?
2. Wasomi wa Nairobi walitaka nini mwaka 1968?
3. Kama mngepewa nafasi ya kuchagua kitabu kimoja kisomwe na vijana wote, mngechagua kipi, na kwa sababu gani?