Kokwet: Utawala wa Kushawishi

Kabla chai haijafunika vilima vya Kericho na Bomet, Wakipsigis hawakuwa na mfalme wala askari wa kumshurutisha mtu. Mambo ya ujirani, kama vile ng'ombe kuingia katika shamba la wimbi la mwenzako, yaliamuliwa kwenye kokwet, baraza la wakazi wa eneo moja. Mzee aliyeliongoza hakutoa amri. Alisikiliza kila upande, kisha akatamka lile ambalo watu walikuwa wamekwisha kulikubali. Asiyeridhika alizungumzishwa tena na tena. Kwa hiyo ushawishi hapa haukuwa pambo la mazungumzo, bali ndio uliokuwa serikali yenyewe.

Atatokea wa kupinga, akisema kwamba wanawake hawakuwa na sauti sawa barazani, na kwamba laana ya wazee ilitisha kuliko hoja. Ni kweli, na upungufu huo haufai kufichwa. Hata hivyo, laana ilikuwa silaha ya mwisho, maneno yaliposhindwa. Chini ya Waingereza mambo yaligeuka: machifu waliteuliwa na amri ikashuka kutoka juu. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa orkoiik, yaani viongozi wa kiroho, hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Ukoo huo haukuwa na jeshi. Kilichoogopwa ni jinsi watu walivyousikiliza. Ardhi ya mashamba makubwa ya chai nayo ilichukuliwa bila wenyewe kushawishiwa wakaridhia, na madai yake bado yanasikika Kericho hadi leo.