Masafa ya Pikapu za Umeme: Takwimu Rasmi na Hali ya Barabarani
Nchini Marekani, masafa ya pikapu ya umeme hupimwa kwa utaratibu wa Wakala wa Hifadhi ya Mazingira (EPA): gari huendeshwa maabarani juu ya roli, bila tela. Ford F-150 Lightning ya mwaka 2022 yenye betri kubwa ilipewa hadi kilomita 515 kwa chaji moja. Hata hivyo, chama cha wenye magari cha AAA kilipoipakia pikapu ya aina hiyo mzigo wa kilo 635, masafa yalishuka kutoka kilomita 447 hadi 338. Tela kubwa huathiri zaidi, kwa sababu ya ukinzani wa upepo. Mara nyingi masafa hupungua kwa takribani nusu. Mnunuzi mwenye mizigo, ambaye ndiye hasa mlengwa wa pikapu, haoni tofauti hiyo kwenye kibandiko cha dirishani.